KABLA YA KUVUKA RUSUMO, SOMA KALENDA YA JIRANI

Tazama kalenda iliyotundikwa ukutani kwako, au ile iliyo katika ofisi ya kijiji. Tarehe nyingi zimeandikwa kwa rangi nyeusi. Chache zimeandikwa kwa rangi nyekundu. Hizo nyekundu ni sikukuu. Siku hizo ofisi za Serikali hufungwa, na benki hufungwa. Wewe unazijua. Huwezi kufunga safari ya kwenda ofisi ya wilaya tarehe 26 Aprili, maana unajua hiyo ni Siku ya Muungano.

Lakini tarehe hizo nyekundu ni zetu sisi. Ukivuka mpaka, unakuta kalenda nyingine. Jirani naye ana siku zake za furaha, siku zake za kazi na siku zake za msiba. Mtu asiyezijua anaweza kufika mlangoni akakuta kufuli. Tena anaweza kuingia kwenye matanga huku anacheka. Hasara ya kwanza ni ya fedha. Hasara ya pili ni ya heshima, na heshima ikipotea hainunuliwi sokoni.

Leo tuitazame safari moja, ya kwenda Rwanda. Tuseme kijiji chenu kina kikundi cha wakulima wa mpunga. Wanakikundi wamekuchagua wewe uende Kigali kutafuta soko la mchele. Wamechanga nauli, na fedha za chakula na malazi kwa siku chache tu. Je, utaondoka siku gani?

NJIA NA SAA

Kutoka Ngara, barabara inashuka mpaka Rusumo. Hapo Mto Kagera unaporomoka kwenye mawe na kufanya maporomoko ya maji. Upande huu ni Tanzania, na upande wa pili ni Rwanda. Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, von Götzen, aliingia Rwanda kwa kupitia hapo. Baadaye Wajerumani waliitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi kama koloni moja. Kwa hiyo ujirani wetu ni wa zamani.

Daraja jipya la Rusumo lilizinduliwa tarehe 6 Aprili 2016. Walilizindua Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Paul Kagame wa Rwanda. Siku hiyo hiyo walifungua kituo cha pamoja cha mpakani. Katika kituo hicho maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja.

Ukivuka daraja utaona mambo mawili ya kukustaajabisha. La kwanza ni barabara. Kwetu magari hupita upande wa kushoto. Rwanda hupita upande wa kulia. Ukitaka kuvuka barabara kule, tazama kushoto kwanza. Jambo hili ni dogo, lakini linaweza kuokoa maisha yako.

La pili ni saa. Saa ya Rwanda iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja. Ngara ikiwa saa 3 asubuhi, Kigali ni saa 2. Tangu Januari 2023 ofisi za Serikali ya Rwanda huanza kazi saa 3 asubuhi kwa saa za kwao. Kwetu hiyo ni saa 4. Basi ukiahidiana na mtu, uliza: "Ni saa za kwenu au za kwetu?" Kuuliza si ujinga.

Kutoka Rusumo mpaka Kigali ni kama kilomita 160. Utapita Kirehe, Ngoma, Kayonza na Rwamagana. Utaona vilima vingi, migomba, maharage na mtama. Mabasi ya mikoani hufikia kituo cha Nyabugogo, Kigali.

JUMAMOSI YA MWISHO WA MWEZI

Siku ya kwanza ya kuijua haikuandikwa kwa rangi nyekundu. Hii ni Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Siku hiyo Wanyarwanda hufanya umuganda. Umuganda ni kazi ya pamoja ya kujitolea, kama ule msaragambo wetu.

Kazi huanza saa 2 asubuhi na huisha saa 5, kwa saa za Rwanda. Wanaotakiwa kushiriki ni watu wa umri wa miaka 18 mpaka 65. Kila mmoja hutoka na jembe, panga au fagio. Wengine huchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wengine hupanda miti, hutengeneza barabara, au humjengea nyumba mtu asiyejiweza. Kazi ikiisha, watu hukaa chini kwa mkutano. Huzungumza habari za afya, shule, usalama na maendeleo ya mtaa wao.

Katika saa hizo maduka hufungwa. Mabasi hayaendi. Barabara ya lami inakuwa kimya kama njia ya shambani. Kwa hiyo ukifika Rusumo asubuhi ya siku hiyo, usitarajie kupata basi mpaka kazi imalizike. Kwa saa zetu hiyo ni saa 6 mchana.

Mgeni halazimishwi kufanya umuganda. Lakini ukishika jembe ukafanya nao kazi, watafurahi. Wahenga walisema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wewe huna haja ya kungoja siku ya tatu. Asubuhi moja ya kuchimba mtaro na wenyeji inaweza kukujulisha kwa watu wengi kuliko wiki nzima ya kuzunguka madukani.

Tena jua jambo hili. Kigali kuna Jumapili mbili kila mwezi, ya kwanza na ya tatu, ambapo barabara fulani za mji hufungwa asubuhi. Magari hayapiti humo. Watu hukimbia, hutembea na kuendesha baiskeli kwa ajili ya afya zao. Ukiwa na safari asubuhi hiyo, uliza njia mapema.

APRILI: MWEZI WA KUOMBOLEZA

Ndugu msomaji, hapa twende polepole.

Tarehe 7 Aprili ni nyekundu katika kalenda yetu. Ni Siku ya Karume. Tunamkumbuka Sheikh Abeid Amani Karume, aliyeuawa Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972. Tarehe hiyo hiyo ni nyekundu Rwanda pia. Nao wanawakumbuka waliouawa. Ila wao hawamkumbuki mtu mmoja tu.

Tarehe 7 Aprili 1994 yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mauaji ya kimbari maana yake ni kuua watu kwa nia ya kulimaliza kundi zima. Wahutu waliokataa mauaji hayo nao waliuawa. Kwa muda wa siku kama 100 walikufa watu zaidi ya 800,000. Serikali ya Rwanda inasema walizidi milioni moja. Waliuawa nyumbani, njiani, shuleni na hata makanisani.

Wazee wa Ngara na Karagwe hawakusimuliwa habari hizi. Waliziona. Mto Kagera ulibeba miili ya watu mpaka Ziwa Victoria. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja au mbili. Walikuwa wakikimbia vita. Walipiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Baadaye Umoja wa Mataifa uliweka mahakama mjini Arusha ya kuwahukumu waliopanga mauaji yale. Mahakama hiyo iliundwa mwaka 1994 na ilifungwa mwaka 2015.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 7 mpaka 13 Aprili, Rwanda huwa katika juma la maombolezo. Wenyewe huita Kwibuka, yaani kukumbuka. Bendera hupepea nusu mlingoti. Harusi hazifungwi. Ngoma na muziki wa starehe hunyamaza. Watu hukusanyika kusikiliza ushuhuda wa walionusurika. Huko Gisozi, Kigali, walikozikwa watu zaidi ya 250,000, huwashwa moto wa kumbukumbu. Moto huo huwaka kwa siku 100.

Sasa fikiri. Umefika Kigali tarehe 8 Aprili na sampuli za mchele. Unaulizia wanunuzi, unacheka kwa sauti, unafungua redio ya simu yako njiani. Nani atakusikiliza? Utakuwa kama mtu aliyekwenda kudai deni kwenye matanga.

Hii haina maana kwamba usiende kabisa mwezi wa Aprili. Ukiwa na ndugu au rafiki aliyefiwa, nenda ukakae naye. Rais Magufuli, baada ya kuzindua daraja tarehe 6 Aprili 2016, kesho yake alikuwa Kigali pamoja na wafiwa. Hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza nje ya nchi tangu awe Rais. Jirani mwema huja siku ya msiba.

Lakini ukienda, shika adabu hizi:

- Vaa nguo za heshima.
- Sema kwa sauti ya chini.
- Zima mlio wa simu yako.
- Usipige picha bila ya ruhusa.
- Usimwulize mtu yeyote kabila lake, si mwezi wa Aprili wala mwezi mwingine. Swali ambalo kwetu ni la utani, kule ni kidonda.
- Usibishane juu ya yaliyotokea. Sikiliza.

Biashara ya mchele ingoje. Mchele hauozi kwa juma moja.

JULAI: HESABU SIKU ZA KAZI

Mwezi wa Julai Rwanda ina sikukuu mbili zinazofuatana kwa karibu. Tarehe 1 Julai ni Siku ya Uhuru. Rwanda ilipata uhuru kutoka kwa Wabelgiji tarehe 1 Julai 1962. Tarehe 4 Julai ni Siku ya Ukombozi. Siku hiyo mwaka 1994 mji wa Kigali ulitekwa na jeshi lililokuwa likipigana na serikali ya wauaji.

Tena Rwanda ina utaratibu wake. Sikukuu ikiangukia Jumamosi au Jumapili, kwa kawaida siku ya kazi inayofuata huwa ya mapumziko.

Basi tufanye hesabu. Mwaka 2027 tarehe 1 Julai ni Alhamisi, na tarehe 4 ni Jumapili. Tuseme umefika Kigali Jumatano usiku, na una fedha za siku 5. Angalia:

Alhamisi, tarehe 1: sikukuu.
Ijumaa, tarehe 2: siku ya kazi.
Jumamosi, tarehe 3: ofisi zimefungwa.
Jumapili, tarehe 4: sikukuu.
Jumatatu, tarehe 5: mapumziko ya sikukuu ya jana.

Umelala siku 5, umekula siku 5, na umelipia nyumba ya wageni siku 5. Siku ya kazi ni moja tu! Ukirudi kijijini Jumanne, Watanzania nao wako kwenye Sabasaba maandalizi, na Jumatano ndiyo Sabasaba yenyewe. Wanakikundi watakuuliza fedha zao zimefanya kazi gani. Utawajibu nini?

Hesabu hii haihitaji darasa kubwa. Inahitaji kalenda, kalamu na dakika kumi kabla ya kukata tikiti.

AGOSTI: MWEZI WA MKULIMA

Kama ungeniomba nikuchagulie mwezi mmoja, mimi ningekuambia Agosti.

Ijumaa ya kwanza ya Agosti Wanyarwanda husherehekea Umuganura. Hii ni sikukuu ya malimbuko, yaani mazao ya kwanza ya mavuno. Ni sikukuu ya kale sana. Zamani mfalme alikuwa wa kwanza kuonja mtama na ulezi mpya, na baada yake watu wote walikula. Wakoloni wa Kibelgiji hawakuipenda. Mwaka 1925 waliikomesha. Tangu mwaka 2011 imerudishwa kuwa sikukuu ya taifa zima.

Siku hiyo familia hukaa pamoja. Watu huleta mtama, maharage, viazi na mahindi. Watoto hupewa maziwa. Wakubwa hunywa pombe ya mtama. Kuna ngoma na maonyesho ya mazao. Watu huzungumza: mwaka huu tumevuna nini, na mwaka ujao tufanye nini ili tuvune zaidi? Na aliyevuna humkumbuka aliyekosa.

Kwa mkulima wa Tanzania mazungumzo hayo si mageni. Sisi tuna Nane Nane, tarehe 8 Agosti. Na hapa kalenda inatusaidia. Ijumaa ya kwanza ya mwezi haiwezi kupita tarehe 7. Kwa hiyo Umuganura huja kabla ya Nane Nane kila mwaka. Mkulima aliyepanga vizuri anaweza kula malimbuko Rwanda, halafu akarudi kuangalia mbegu na zana kwenye maonyesho yetu. Ofisi za kule zitafungwa Ijumaa ile, ni kweli. Lakini wewe unatafuta walaji wa mchele. Siku ya chakula ni siku nzuri ya kujua watu wanapenda kula nini.

Baada ya hapo, tarehe 15 Agosti, ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Mahujaji wengi huenda Kibeho, kusini mwa Rwanda. Huko wasichana wa shule walisema walimwona Bikira Maria kuanzia mwaka 1981, na Kanisa Katoliki lilikubali mwaka 2001. Mahujaji hutoka nchi nyingi, hata Tanzania. Kama wewe ni hujaji, tafuta mahali pa kulala mapema. Kama unakwenda kwa shughuli nyingine upande huo, chagua siku nyingine, maana vyumba na mabasi hujaa.

TAREHE NYINGINE ZA KUANDIKA

Sikukuu nyingine tunazo sote: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Mei Mosi, Krismasi na tarehe 26 Desemba. Idi nazo ni za pande zote mbili, lakini hutegemea mwezi mwandamo. Ngoja tangazo la nchi unayokwenda.

Hizi mbili hapa ni zao:

Tarehe 2 Januari. Sisi tunarudi kazini, wao bado wanapumzika.

Tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa. Kati ya mashujaa wanaokumbukwa ni wanafunzi wa shule ya Nyange. Mwaka 1997 watu wenye silaha waliingia darasani usiku. Wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa. Walisema wao wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa kwa jibu hilo.

Ukiijua habari hiyo, hutalalamika kukuta duka limefungwa tarehe 1 Februari. Utasimama kidogo nawe uwakumbuke.

JINSI YA KUPANGA SAFARI

1. Chukua karatasi, uigawe kwa mstari katikati. Upande mmoja andika sikukuu zetu. Upande wa pili andika za nchi unayokwenda.

2. Mpigie simu mwenyeji wako. Mwulize: "Juma hilo kuna nini huko?" Mwenyeji anajua mambo ambayo kalenda haisemi.

3. Weka alama kwenye Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

4. Hesabu siku za kazi, siyo siku za kulala.

5. Tengeneza hati za kusafiria mapema katika ofisi ya Uhamiaji. Uliza pia habari za chanjo zinazotakiwa, na habari za vibali vya bidhaa. Kumbuka kwamba sikukuu zetu nazo hufunga ofisi zetu.

6. Badilisha fedha kabla ya sikukuu. Kule wanatumia faranga za Rwanda.

7. Weka akiba ya siku moja zaidi. Dharura haina kalenda.

8. Usichukue mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008.

9. Jifunze maneno mawili. "Muraho" ni salamu. "Murakoze" ni asante. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini si kila mtu anakijua.

Ndugu msomaji, zamani msafiri alitazama nyota na mawingu kabla ya kutoka. Wewe leo unajua kusoma. Kalenda ya jirani inasomeka kama kitabu. Ina habari za uhuru wake, mavuno yake na makaburi yake. Isome kabla hujafunga mzigo. Ukifika, utajua pa kucheka, pa kushika jembe, na pa kunyamaza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni kwa nini tarehe 7 Aprili ni siku ya kumbukumbu Tanzania na pia Rwanda?

2. Umuganda unafanana vipi na kazi za kujitolea za kijiji chenu? Unatofautiana vipi?

3. Kikundi chenu kina fedha za siku 4 Kigali. Chukueni kalenda ya mwaka huu. Chagueni juma ambalo siku zote 4 ni za kazi.

4. Mgeni kutoka nchi jirani anataka kuja kijijini kwenu. Mngemwambia aje siku gani, na siku gani asije? Toeni sababu.